Mvua ya Mlimani na Gharika ya Bondeni
(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya machifu, walimu na wenyeji wa mabondeni)

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kalamu na daftari, wala si mganga wa mvua, na sikuja hapa kuwaambieni mvua itanyesha lini. Nimekuja kueleza jambo jingine, nalo ni hili: mvua ikisha kunyesha, ni maji kiasi gani yatakayoshuka mtoni, na yatafika baada ya muda gani? Jambo hilo lahesabika. Halihesabiki kwa uhakika wa mizani ya dukani, lakini lahesabika vya kutosha kumwambia mtu, Hapa usijenge, na kumwambia fundi wa barabara, Kalvati hii ni ndogo.

Mara nyingi twasikia watu wakisema mto umekuja kwa ghafula. Nakubali kwamba huonekana hivyo kwa mtu aliye chini. Chukueni mfano wa mto Mkondoa katika nchi ya Tanzania. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mto ule ulipita kingo zake Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makao, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Sasa, maji ya mto ule hayakusanyiki Kilosa. Mengine hutoka katika milima ya Ukaguru na Rubeho. Mengine huletwa na mto Kinyasungwe utokao upande wa Dodoma, nchi iliyo kavu, ukapita Gulwe hata ukaungana na Mkondoa kabla ya kufika Kilosa. Basi mtu wa Kilosa akitazama mbingu iliyo juu ya nyumba yake peke yake, atakuwa amekwisha kudanganyika. Yampasa kujua khabari za mbingu ya watu wengine, na za ardhi ya watu wengine pia.

Kwa hiyo nitaanza na bonde. Nisemapo bonde sina maana ya shamba la mpunga tu, bali nchi yote ambayo tone la mvua likianguka humo, likikimbia, litapita mahali mliposimama. Fikirini paa la nyumba. Katikati pana mgongo wa paa; tone likianguka upande huu huja barazani, likianguka upande wa pili huenda uani. Nchi nayo ina migongo, nayo ni vilele vya vilima. Mtu akitembea juu ya vilele hivyo toka ukingo mmoja wa daraja mpaka arudi ukingo wa pili, bila kuvuka kijito hata kimoja, amelizunguka bonde zima la daraja lile. Wavulana na wasichana wa shule waweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja katika bonde dogo, nao watajifunza jografia kwa miguu. Na ikiwa pana ramani ya nchi ya kipimo cha 1 kwa 50,000, kazi ni nyepesi zaidi, kwa maana kila mraba uliochorwa juu yake una kilometa 1 kila upande. Hesabuni miraba iliyo ndani ya vilele, mtapata ukubwa wa bonde.

Baada ya ukubwa, mvua. Mvua hupimwa kwa milimeta. Wengi huona milimeta ni kitu kidogo sana, unene wa ukucha, nao hucheka wakisikia mvua ya milimeta 60. Lakini milimeta 1 ya mvua ikianguka juu ya kilometa 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000, yaani lita 1,000,000. Kwa madebe ya lita 20, hayo ni madebe 50,000. Basi bonde dogo la kilometa 6 za mraba, ambalo mtu alizunguka asubuhi akarudi kula chakula cha mchana, likinyeshewa milimeta 60 limepokea madebe milioni 18. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Sijui kama walifikiri kibaba cha namna hii.

Lakini si maji yote hayo yatakayofika mtoni. Ardhi hunywa, majani hushika, vishimo hujaa, na sehemu nyingine hurudi hewani jua likiwaka. Yale yanayobaki, yaendayo mbio juu ya ardhi, ndiyo yanayofanya gharika. Neno lote la kukadiri limo katika swali hili: katika maji 100 yaliyoanguka, mangapi yatakimbia?

Swali hilo lilijibiwa kwa vipimo zamani katika nchi yetu wenyewe, wala haitupasi kwenda Ulaya kulitafutia jibu. Huko Mpwapwa, toka mwaka 1933, walipima vipande vidogo vya ardhi vyenye mteremko mdogo, kama mita 6 katika kila 100, vikapewa mvua ileile ya Mungu, ila kila kimoja kikatunzwa kwa namna yake. Chini ya kila kipande maji na udongo vilikusanywa vikapimwa. Sikilizeni yaliyoonekana. Pale palipoachwa wazi bila jani, maji yaliyokimbia yalikuwa sehemu 50 katika 100 za mvua. Pale palipolimwa nafaka, sehemu 26. Penye majani ya ardhini, hazikufika sehemu 2. Penye kichaka kisicholishwa mifugo, haikutimia hata nusu ya sehemu moja. Na udongo? Pale palipo wazi ulipotea kadiri ya tani 146 kwa hekta moja kwa mwaka, na shambani tani 78. Penye majani na penye kichaka haukupotea kitu cha kupimika. Na Mpwapwa, wazee wangu, imo katika nchi ileile ambayo maji yake huelekea Kinyasungwe, na Kinyasungwe hupeleka Mkondoa. Kwa hiyo hesabu ile si ya kigeni kwa mtu wa Kilosa; ni hesabu ya nyumbani kwake.

Hapa yafaa niseme neno la kuwazuia wale wapesi wa kuchukua tarakimu wakakimbia nazo. Kipande cha Mpwapwa kilikuwa kidogo, wala si bonde. Maji yakikimbia kutoka shamba moja huenda yakaingia katika kichaka cha chini, yakatulia humo, yakanywewa. Kwa sababu hiyo sehemu ya mvua inayofika mtoni kutoka bonde zima ni ndogo kuliko ile inayotoka katika kipande kibovu cha bonde lile. Mtu akikuambia nusu ya mvua ya wilaya nzima hufika mtoni kwa kuwa Mpwapwa walipima nusu, mwambie akasome tena.

Sasa naja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewaua watu wengi kuliko mengine, kwa sababu ni la kinyume cha fikira za kawaida. Twadhani mvua ikizidi mara mbili, mto nao utazidi mara mbili. Sivyo. Ardhi hunywa kwanza, ndipo hutoa. Katika miaka ya 1950 idara ya kuhifadhi udongo ya Marekani ilitengeneza hesabu ambayo hata leo hutumika katika nchi nyingi. Kila namna ya ardhi hupewa namba, kufuata udongo wake na mimea yake. Namba ikikaribia 100 ardhi ni kama sakafu, na ikiwa ndogo ardhi ni mnywaji mkubwa. Chukueni ardhi ya namba 70, ambayo si mbaya wala si nzuri sana. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha, maji yatakayokimbia hayafiki milimeta 1. Mto huinuka kidogo, na watoto huendelea kuoga. Mvua ya milimeta 60 ikinyesha, maji yanayokimbia ni karibu milimeta 10. Milimeta 90 ikinyesha, yanayokimbia ni 26. Tazameni: mvua ilizidi mara 2, maji ya mto yakazidi mara 17. Mtu aliyevuka salama siku ya mvua ya 30 akajiambia, Mara mbili ya hii nitaiweza, hajui anachokisema.

Tena ardhi ileile haina namba moja siku zote. Ikiwa imelowa kwa mvua za siku tatu au nne zilizotangulia, vishimo vyake vimejaa na kiu yake imekwisha, basi hujifanya kama ardhi mbaya kuliko ilivyo. Ardhi ya namba 70 ikihesabiwa kama 85 kwa sababu ya kulowa, mvua ileile ya milimeta 60 itatoa milimeta 27 mahali pa 10. Kwa hiyo mvua ya katikati ya masika ni ya kuogopwa kuliko mvua kubwa ileile ikianguka mwanzo wake. Lakini pana jambo jingine la kuangalia upande wa pili: katika nchi kavu zenye udongo ulio wazi, matone makubwa ya mvua za kwanza hupiga udongo, hufanya utando mgumu juu yake, na maji hukataa kuingia hata chini pakiwa pakavu kama unga. Wafugaji wa nchi hizo walijua hayo kabla ya sisi wenye madaftari.

Mpaka hapa nimesema maji kiasi gani. Bado swali la muda, nalo ni zito vilevile, kwa kuwa maji yaleyale yakipita kwa siku mbili hayana madhara, yakipita kwa saa mbili hubeba daraja. Mwaka 1851 bwana mmoja wa Ireland, jina lake Mulvany, alieleza jambo hili kwa ufupi. Alisema gharika hufika kilele chake wakati ambapo maji ya mahali pa mbali kabisa pa bonde yamekwisha kufika darajani, na mvua bado yanyesha. Kabla ya hapo sehemu tu ya bonde ndiyo inayoleta maji. Baada ya hapo bonde zima laleta. Katika bonde dogo lenye mteremko mkali, muda huo waweza kuwa dakika chache, na ndiyo sababu mvua fupi ya radi huwa hatari kwa kijito kuliko manyunyu ya kutwa. Katika mto mkubwa mambo ni kinyume. Mvua ya saa moja juu ya kilima kimoja haiusumbui, bali mvua ya siku nyingi juu ya nchi nzima ndiyo inayouamsha.

Katika miaka ya 1960 na 1970 jambo hili lilipimwa katika Afrika Mashariki kwa ajili ya madaraja na kalvati za barabara. Maabara ya barabara ya Uingereza, pamoja na serikali za Kenya na Uganda, ilichagua mabonde madogo ya namna mbalimbali, ikaweka vipimo vya mvua na vya mto, kisha mwaka 1976 hesabu ikatolewa. Nimeipenda hesabu ile kwa sababu imetoka katika udongo wetu, nayo ina jambo moja ambalo wengi hawalitazamii. Waliona ya kwamba katika mabonde yetu si nchi yote inayotoa gharika. Sehemu kubwa ya vilima, kama udongo wake hupitisha maji, hunywa na kutulia. Inayotoa ni sehemu fulani tu, hasa ile iliyo karibu na mto. Kwa hiyo hali ya kiini cha bonde, pale chini penye mto, huamua sana ukubwa wa gharika.

Hesabu yao huanza na mteremko na udongo. Kwa nchi ya vilima vidogovidogo, yenye mteremko wa mita 4 hadi 10 katika kila 100, udongo unaopitisha maji vizuri hutoa kama sehemu 10 katika 100 za mvua, ikiwa ardhi imelowa na ina majani. Udongo unaozuia kidogo hutoa sehemu 45. Unaozuia sana, 50. Ndipo huzidisha kwa hali ya mimea. Penye majani hapabadiliki kitu. Nchi iliyo wazi, au iliyolimwa sana hasa chini bondeni, huzidishwa kwa 1 na nusu. Mimea iliyoshikana sana hupunguza kuwa nusu. Msitu, na bonde lililojaa kinamasi, hupunguza kuwa theluthi.

Halafu huja muda wa kuchelewa. Hapa tarakimu zasema zenyewe. Nchi kame ya vichaka yenye udongo wazi mwingi huchelewesha maji kwa dakika 18 tu. Malisho mabovu, nusu saa. Malisho mazuri, saa 1 na nusu. Mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, saa 3. Bonde la msitu, au lililofunikwa na mimea chini, saa 8. Na kinamasi cha mafunjo, saa 20. Mafunjo yale ambayo twayaita takataka, tukayachoma ili tupande viazi!

Natoa mfano ili walimu waweze kuufanya ubaoni. Bonde letu lilelile la kilometa 6 za mraba, udongo unaozuia kidogo, nchi ya vilima vidogo, ardhi imelowa, mvua ya milimeta 60 imenyesha kwa muda mfupi kama ilivyo desturi ya mvua za bara. Nitaacha muda wa maji kusafiri mtoni, ijapokuwa huwa unapunguza kilele kidogo, ili hesabu isitushinde.

Kwanza, bonde lina malisho mazuri. Maji yanayokimbia ni milimeta 27, yaani mita za ujazo 162,000. Hupita darajani kwa muda wa saa 4 hivi, kwa wastani mita za ujazo 10 kwa kila sekunde, na kilele chake chapata 23. Pili, bonde lilelile limelishwa kupita kiasi, limebaki wazi. Maji ni mita za ujazo 243,000, nayo hupita kwa muda usiotimia saa 2. Wastani ni 33 kwa sekunde, na kilele chazidi 75. Tatu, chini ya bonde pana kinamasi cha mafunjo kisichoguswa. Maji ya gharika ni mita za ujazo 53,000, nayo huchukua karibu siku mbili kupita. Kilele hakifiki hata mita 1 ya ujazo kwa sekunde. Mvua ni ileile, vilima ni vilevile. Kalvati inayotosha bonde la tatu haiwezi kabisa kutosha la pili. Na kama kalvati ilijengwa zamani bonde lilipokuwa la mafunjo, na watu wakayafyeka baadaye, siku kalvati itakapochukuliwa na maji wasimlaumu fundi peke yake.

Najua wako watakaosema, Karani huyu amekuja na hotuba ya miti kama wengine wote. Sivyo, nami nina ushahidi wa kunitetea. Toka mwaka 1958 katika milima iliyo juu ya Mbeya walipima mabonde mawili yaliyo jirani. Moja lilikuwa na msitu, la pili wakulima walikuwa wamelima mteremko mkali. Wengi walitazamia bonde lililolimwa litoe gharika na kukauka wakati wa kiangazi. Halikukauka. Mto wake ulitoa maji mengi zaidi, hata katika kiangazi, na udongo uliopotea haukuwa mwingi kama ilivyoogopwa. Sababu yake ni kwamba udongo wa pale ni wa majivu ya milima ya moto, una matundu mengi, nao hunywa mvua hata ukilimwa. Na msitu nao hunywa maji mengi kupita mimea ya shambani, maana mizizi yake huenda chini. Basi kila mahali pana sheria ya udongo wake. Desturi ya Mbeya haifai kuhamishiwa Mpwapwa, wala ya Mpwapwa kuhamishiwa Mbeya. Huko Atumatak, katika Karamoja ya Uganda, walipima tena mabonde mawili ya nchi kavu iliyolishwa kupita kiasi. Moja waliling'oa vichaka, wakalizungushia ua ili majani yapumzike. Maji ya gharika yakapungua pale. Kwa hiyo mtu akitaka kujua ardhi yake ni ya namna gani, na achimbe shimo la kina cha mkono mmoja, alijaze maji, aangalie muda gani hupita hata yakwishe. Hicho si kipimo cha mtaalamu, lakini kitamtofautishia udongo wa Mbeya na udongo wa mfinyanzi mweusi kabla jua halijapanda.

Kuna neno jingine ambalo huwachanganya watu, nalo ni mvua ya miaka 10. Wahandisi husema daraja limejengwa kwa gharika ya miaka 10, na watu wakadhani gharika ikija mwaka huu, hawataiona tena mpaka miaka 10 ipite. Maana yake si hiyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali yaliyopita, pana nafasi 1 katika 10 ya gharika kama ile au kuizidi. Yaweza kuja miaka miwili mfululizo. Na katika miaka 10 nafasi ya kuiona hata mara moja ni 65 katika 100, si 100. Kwa kivuko cha njia ya ng'ombe hiyo yatosha. Kwa shule ya watoto wadogo, au zahanati yenye vitanda, mimi nisingekubali.

Sasa nawageukia walimu na machifu, maana hesabu bila vipimo vya mahali ni kelele. Kipimo cha mvua si ghali, na shule yaweza kukitunza. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti na paa, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu nacho. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku isiyo na mvua, na sifuri iandikwe. Daftari lisiloandikwa sifuri halijulikani kama mvua haikunyesha au mwanafunzi hakwenda.

Mtoni, chagueni mahali penye ukingo ulionyoka. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, pimeni upana na kina cha njia ya mto kwa kamba na fito, mkaandike. Pigeni alama za rangi juu ya nguzo ya daraja au jabali, kila nusu mita. Gharika ikija, mtu asiingie majini kwa sababu yoyote. Maji ya kina cha sentimeta 15 tu yakienda mbio yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimeta 60 huchukua magari mengi. Simameni juu, mpime mita 20 kando ya ukingo, mtupe kipande cha mti, mhesabu sekunde. Kikipita mita 20 kwa sekunde 10, mwendo wa juu ni mita 2 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, zidisheni kwa 0.85. Kama njia ya mto ina upana wa mita 8 na kina cha wastani cha mita 1, basi hapo pamepita mita za ujazo 13 na zaidi kwa kila sekunde. Hilo ni jibu la kweli la bonde lenu, nalo lafaa kuliko kubahatisha kwangu.

Shule ikipata gharika tano au sita zilizoandikwa hivi, pamoja na mvua yake na saa ambayo mvua ilianza na saa ambayo kilele kilifika, itakuwa na kitu ambacho mhandisi atatoka mjini kukifuata. Mmarekani mmoja, Sherman, alionyesha mwaka 1932 ya kwamba umbo la gharika moja iliyopimwa vizuri lafaa kukadiria gharika nyingine za bonde lile: maji yanayokimbia, baada ya ardhi kunywa, yakiwa mara mbili, mto nao kila saa huwa mara mbili. Lakini umbo hilo haliwezi kubuniwa ofisini. Hutoka mtoni, na ni ninyi mlio mtoni.

Na chifu wa juu na chifu wa chini wajuane. Kama kutoka kilele cha mvua mlimani mpaka kilele cha maji bondeni ni saa 3, hizo ni saa 3 za kuhamisha watoto, wagonjwa, mbegu na mifugo, ikiwa mtu wa juu atapiga simu mara tu alama ya pili ya nguzo yake ilipofunikwa. Wakubaliane kabla ya masika nani atapiga simu, kwa nani, na kama huyo hapatikani, kwa nani wa pili. Usiku ndio mbaya zaidi. Kwa hiyo alama zipakwe rangi nyeupe, na mlinzi wa usiku apewe taa na jina la mtu mmoja wa kuamsha kwanza.

Nimeacha nakala za jedwali la muda wa kuchelewa kwa mwalimu mkuu. Mwenye kutaka kunakili, alete karatasi yake, na mwenye ramani ya bonde lake aje nayo kesho saa nne. Tutahesabu miraba pamoja.